Jina Lililoitwa Mlangoni pa Mahakama ya Newala

Vijana wangu, mahakimu mnaoanza kazi,

Mliponitembelea hapa Masasi, yule mwenzenu mwenye miwani aliniuliza ni swali gani gumu kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu nikiwa kitini. Nilimjibu kwamba ni "Jina lako nani?" Mkacheka, mkanywa chai yenu, mkaondoka. Mlidhani mama mstaafu anawatania. Nimeona niwaandikie, maana jambo lenyewe halisemeki vizuri huku watu wakipitishiana sahani ya korosho.

Nilistaafu kwa hiari, nguvu zikiwa bado zipo. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika mahakama ya mwanzo kule juu, Newala, kwenye jengo lililokuwa na mlango mmoja mkubwa unaotazama sokoni. Mtakaopangiwa huko, chukueni sweta. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma na kuingia mahakamani kabla ya wadaawa, na unapofika msimu wa kupulizia mikorosho, mashahidi wote hunuka salfa, mkweli na mwongo pamoja. Mimi ni mzaliwa wa huku chini, ukoo wetu ni wa watu wa misheni, babu yangu alikuwa katekista, na nyumbani tulisema Kimakua. Basi kule juu waliniita hakimu wa bondeni, na mtu akishindwa kesi alisema, "Atajuaje mambo yetu yule? Maji yao wanachota mlangoni." Wanawake wa Newala walikuwa wakiteremka ukingo mzima wa uwanda kufuata maji na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo lilikuwa tusi kamili.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mshauri wa mahakama, Mzee Nalinga. Chuoni tulifundishwa kwamba washauri huketi kando ya hakimu ili kutoa maoni. Hatukufundishwa kwamba wengine husinzia, wala kwamba huyo anayesinzia huenda ndiye pekee anayejua kwa nini shahidi amenyamaza. Mzee Nalinga alisinzia sana, na mara nyingi alikosea. Aliwahi kunihakikishia kwamba kielelezo cha uraka, pombe ya mabibo, kinaweza kukaa kwenye dumu lililofungwa mpaka siku ya kesi. Dumu lilipasuka katikati ya shauri la talaka, mume na mke wakakimbilia mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono, na shauri likaishia hapo. Vielelezo vinavyochacha visifungwe. Hilo ni la kwanza, na ni jepesi.

La pili si jepesi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo ni mlinzi wa amani pia. Polisi wakimleta kwako mtu anayetaka kuungama, au mtu akijileta mwenyewe, unampokea kwa cheo hicho. Askari wote watoke nje. Mwambie halazimiki kusema neno lolote. Kisha ukague mwili wake kabla hujashika kalamu. Mimi mwanamke, nilimtumia Mzee Nalinga kuwa macho yangu nyuma ya pazia, nami niliuliza maswali kutoka upande huu. Siku moja kijana mmoja aligoma.

"Mzee, mimi si mgonjwa. Nimekuja kuungama."

"Vua," Mzee Nalinga alimwambia. "Hata padri angependa kujua nani amekushauri uungame."

Wala msiulize, "Umepigwa?" Atajibu hapana, kwa sababu waliompiga wako nje ya mlango. Ulizeni amelala upande gani. Asiyeweza kulalia mgongo atakuambia amelala kifudifudi bila kujua kwamba amejibu swali jingine.

Sasa nirudi kwenye jina. Kule juu, kijana anayetoka jandoni hatoki na jina aliloingia nalo. Jina la utotoni linaachwa porini pamoja na nguo za zamani, anapewa jipya, mara nyingi la mtu mzima aliyeheshimika, na kuanzia hapo anayemwita kwa lile la zamani amemtukana. Hata mama yake halitamki. Mwenye ruhusa ya kulitaja, tena kwa sababu nzito, ni mjomba wake, kwa kuwa kwetu sisi watu wa kusini mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba.

Kulikuwa na koplo aliyeleta watuhumiwa mahakamani kwetu, mtu wa Kanda ya Ziwa, mchangamfu. Mara ya kwanza alipokutana na jambo hili alisimama akiwa na hasira ya haki kabisa.

"Mheshimiwa, mshtakiwa huyu ana majina matatu! Kituoni ametoa moja, kadi ya zahanati ina jingine, na jirani anamwita kwa la tatu. Huyu ni tapeli."

Mzee Nalinga aliamka. "Koplo, mwanangu, wewe umeitwa jina moja tangu kuzaliwa?"

"Moja tu, mzee."

"Maskini. Kwenu hakuna aliyewahi kukua?"

Mahakama nzima ilicheka, na koplo naye akacheka. Baadaye Mzee Nalinga alinifundisha utaratibu ambao haumo katika kitabu chochote: muulize mtu jina lake, kisha muulize mjomba wake ni nani, na panapokuwa na shaka mwite mjomba. Nilifanya hivyo miaka yote, kwa wezi wa baiskeli na wagomvi wa mipaka ya mashamba, bila kuwaza kwamba siku moja swali hilo litabeba uhai wa watu wawili.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi wa korosho wa kila aina walipanda uwandani na magari yao, mitumba ilimwagwa kwenye kila gulio, na redio ndogo za betri ziliingia kila nyumba, nyingi zikiharibika kabla ya betri kwisha. Vijana walivuka Ruvuma kwa mitumbwi kwenda kuuza nguo na sabuni upande wa pili, wakarudi na baiskeli, wengine na wake, wengine na dini iliyokaza zaidi ya ile waliyoondoka nayo. Sheria mpya ya ugaidi ilikuwa imeshapitishwa. Nakala yake ilitufikia kwa basi, ikiwa imeloa mafuta ya taa. Niliisoma na kuona kwamba mashauri yake hayakuwa ya ngazi yangu, nikaiweka kabatini. Nilidhani yamepita juu ya kichwa changu.

Kisha kituo kidogo cha polisi kilishambuliwa huko chini, kuelekea mtoni, na askari wakauawa. Msinisome kama mtu asiyewajua waliokufa. Mmoja wao alikuwa akinunua vitumbua kwa jirani yangu kila asubuhi, na mkewe tuliimba naye kwaya moja. Tulimzika kwa uchungu ambao sitaki kuueleza. Wiki hiyo kilikuja kikosi kutoka nje ya mkoa, wanaume wasiosalimia, na ikaanza kusemwa sokoni kwamba wanaotafutwa hawatafutwi ili washtakiwe. Upande wa Tandahimba mtu mmoja alichukuliwa shambani kwake akipalilia, akarudishwa maiti. Ilisemwa alikimbia. Alikuwa mtu mwenye mguu mfupi.

Jina lililofuata kusikika lilikuwa Sefu Nambota.

Asubuhi moja, kabla sijafungua mahakama, nilimkuta Bi Somoe ameketi kwenye ngazi. Alikuwa mjane, muuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, pale sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu mtaa wa pili. Siku ile hakuwa na sauti.

"Shikamoo, Mama Neema."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Nilijua kwamba akinipa shikamoo anamwamkia hakimu. "Mimi ndiye wa kukuamkia, Bi Somoe. Shikamoo."

"Marahaba. Sefu ni mwanangu."

Nilimjua. Alikuwa Sefu fundi, mtengeneza redio kwenye kibanda kando ya soko, kijana mpole mwenye madoa ya risasi ya kuungia waya kwenye vidole. Redio yangu mwenyewe ilikuwa kwake.

"Wanasema alivuka mto," aliendelea. "Mwanangu hajavuka hata bonde. Anaogopa mtumbwi. Amelala kwa dada yangu kwenye dari, Mama Neema, kama panya. Nataka kukuuliza neno moja. Nikimleta mwenyewe, mchana, kwa miguu yake, utampokea?"

Nilimweleza ukweli. Kesi kama hiyo siwezi kuisikiliza, si ya ngazi yangu. Lakini nikiwa mlinzi wa amani naweza kumpokea, nikaandika kwamba amefika akiwa hai na mzima, nikaandika yeye ni nani, na nikatoa amri apelekwe mahakama ya wilaya mbele ya macho ya watu. Baada ya hapo, atakayemgusa atakuwa anamgusa mtu aliye mikononi mwa mahakama.

"Hiyo inatosha?"

"Sijui, Bi Somoe. Ndiyo niliyo nayo."

Akafikiri. "Kutoka kwa dada yangu mpaka hapa ni mbali. Watamkuta njiani."

Njia ya kuvuka umbali huo aliipata mwenyewe, wala hakunishirikisha. Siku ya gulio, jua likiwa juu, alitembea na mwanawe katikati ya barabara kuu, yeye mbele, Sefu nyuma akiwa amebeba redio yangu iliyokwisha kutengenezwa, imefunguliwa kwa sauti ya mwisho. Na walimsalimia kila mtu. Hawakumruka mkubwa wala mdogo. Nilisikia tangu mbali.

"Shikamoo, Baba Zuhura! Huyu Sefu wangu, umemwona? Tunakwenda mahakamani!"

"Marahaba, Mama Sefu! Nimemwona!"

"Mama Hadija, hujambo? Msalimie Sefu!"

"Sijambo! Sefu, redio yangu je?"

"Jumatano, mama," kijana alijibu.

Ninyi mnajua kwetu salamu si ya kukatisha. Wanaume wawili wa kikosi walikuwa wamesimama kwenye duka la vipuri, na mbele yao watu walikuwa wakiitikia marahaba upande huu na upande ule, kila mmoja akilitamka jina la Sefu na kusimama kumtazama. Gulio zima likawa shahidi. Alifika mlangoni pangu akiwa hai, akanikabidhi redio, akaketi chini.

Nilifungua kikao. Mkuu wa kituo cha polisi cha Newala alikuja mwenyewe pamoja na koplo wetu. Mkuu huyo hakuwa mtu mbaya. Mnaposikiliza watu wa namna hii, msitafute sura ya shetani, mtachelewa kuona. Nyuma ya chumba, kwenye benchi, waliketi wawili wa kikosi.

"Jina lako nani?"

"Sefu Nambota."

"Mjomba wako nani?"

"Ausi. Mzee Ausi, fundi wa mizinga ya nyuki."

Mzee Ausi, kaka yake Bi Somoe, alikuwapo. Nilimwapisha kwa Kurani, nikamuuliza kama huyu ni mtoto wa dada yake. Alikubali. Nikamuuliza kama mtu huyu amewahi kuvuka Ruvuma. Alikana. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa lazima niulize: kwamba polisi wana jina, wana mwaka wa jando, wana kambi ya jando, vyote ni vya huyu, basi inakuwaje si yeye?

Mzee Ausi alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyofumwa, na mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kizimba kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Nilipeleka wapwa wawili jandoni msimu ule," alisema. "Huyu, na wa marehemu dada yetu mwingine wa Chiungutwa. Rafiki yangu Sefu Nambota, mwindaji, alikuwa amefariki mwezi ule. Nilimpenda. Nikaomba wote wawili wapewe jina lake zima, lisipotee."

Mzee Nalinga alinigeukia na kuninong'oneza, "Sasa usimuulize majina ya utotoni. Hayaulizwi hadharani."

"Nisipouliza nitaandika nini?" nikamnong'oneza. "Sefu na Sefu?"

Bi Somoe alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mzee Ausi aliona tunavyonong'ona, naye akajua. "Nitamtaja huyu," alisema. "Nina haki hiyo, naye anisamehe. Aliingia jandoni akiitwa Maulidi."

Kijana aliinamisha kichwa. Pale mahakamani, mbele ya wateja wake, alikuwa amevuliwa nguo. Lakini niliandika: Sefu Nambota, fundi redio, aliyeingia jandoni akiitwa Maulidi, mpwa wa Ausi, hajavuka mto.

"Na yule mwingine?" mkuu wa kituo aliuliza kutoka kwenye benchi lake, bila ruhusa yangu. "Aliyevuka?"

"Wa ng'ambo hayupo hapa," Mzee Ausi alijibu. "Asiyekuwapo sitamvua nguo."

Nilimkemea mkuu wa kituo kwa kusema bila kusimama. Lilikuwa karipio sahihi na halikusaidia kitu. Kila mtu katika chumba kile alikuwa ameshaelewa kwamba mjomba, kwa kumtoa mpwa mmoja shimoni, ameonyesha alipo wa pili. Mzee Ausi ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Alishuka kizimbani akanipita akisema kwa sauti ndogo, si kwangu wala kwa mtu mwingine, "Sasa itabidi nimlete mwenyewe."

Sefu fundi alipelekwa wilayani kwa gari la wazi, mchana, koplo akiwa ameketi ubavuni mwake. Alikaa mahabusu kwa miezi, akatoka kwa kukosekana ushahidi, akiwa na kikohozi ambacho anacho mpaka leo. Lakini alitoka.

Mkuu wa kituo alinifuata ofisini jioni ile jua likiwa bado halijazama.

"Mama Neema, nikuulize kama ndugu. Askari wangu wale, walisomewa shtaka gani?"

Ninyi mtaulizwa hivyo. Msijibu haraka. Mimi sikujibu haraka.

"Hawakusomewa," nikamwambia. "Ndiyo sababu nataka mmoja asomewe. Aliyefanya asimame pale, aulizwe, mke wa askari wako asikie. Mkimmaliza kichakani, yule mama atajuaje kwamba mmempata mwenyewe? Leo asubuhi mlikuwa mnamtafuta Sefu asiye Sefu wenu."

"Tungeligundua."

"Lini?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka, na nadhani kikosi kile hakikuwa kikimuuliza yeye ruhusa.

Mzee Ausi alirudi baada ya siku chache. Alikuwa ameonana na Sefu wa ng'ambo, hakusema wapi. "Amekubali kuja," alisema. "Nimemwambia mahakamani wanauliza kwanza. Akaniuliza, wanauliza nini? Nikamwambia, wanauliza jina." Nilimuuliza kama kijana alihusika na kituo kile. Mzee alinitazama machoni. "Nilimuuliza mimi pia, Mheshimiwa. Akasema atalisema jambo hilo mara moja tu, mahakamani." Nikapanga siku ya kumpokea. Nikaiandika kwenye orodha ya mashauri kama ilivyo kawaida, nikaibandika mlangoni.

Hakufika. Watu wa kikosi walikutana nao kwenye njia ya kupanda ukingo, pale wanawake wanapopita na maji, mjomba mbele na mpwa nyuma. Taarifa iliyotembea midomoni ilisema alikuwa na mfuko na akauingiza mkono. Wanawake wa maji waliuona ule mfuko ulipofunguliwa. Ndani mlikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Mjomba wake alikuwa amemwambia mtu haendi mahakamani na nguo za porini.

Mzee Ausi hakupigwa hata kofi. Walimwacha akae na maiti njiani mpaka walipoleta gari.

Vijana wangu, sheria inasema mtu akifa kifo cha namna hiyo lazima uchunguzi ufanyike mbele ya hakimu. Niliuomba kwa maandishi. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia mtu aliyekuwa akipita na gari: mama, jambo hili limepita ngazi yako. Niliomba tena. Safari hii hata gari halikupita. Na mbele yangu kulikuwa na jalada la Sefu Nambota, wa kupokelewa siku fulani, hajafika.

Kawaida ya mahakama yetu mnaijua. Mtu asiyefika huitwa mlangoni mara tatu. Tarishi wetu alikuwa na kifua cha muadhini, na mlango wetu, nimewaambia, unatazama sokoni. Siku niliyopanga jalada hilo litajwe, tarishi alinitazama kwa mashaka.

"Mheshimiwa, na huyu niite? Si amekufa?"

"Nani ameiambia mahakama kwamba amekufa?"

Akatafakari. "Hakuna."

"Basi ita."

Akaita. "Sefu Nambota! Sefu Nambota! Sefu Nambota!" Soko lote lilinyamaza, hata mizani ya samaki wakavu ikaachwa ikining'inia. Hakuna aliyeitika. Nikaahirisha shauri mpaka mwezi uliofuata. Na mwezi uliofuata likaitwa, likaahirishwa. Na uliofuata. Mlio wepesi wa sheria mtasema sikuwa na mamlaka ya kuliahirisha jalada la namna ile, na huenda mko sahihi. Nilikuwa na jibu moja tu, nililompa koplo aliponijia kwa niaba ya wakubwa wake: mtu akishafariki shauri hufungwa, lakini lazima mwenye taarifa asimame aiambie mahakama amefarikije. Aje aseme, nitalifunga siku hiyo hiyo.

Hawakuja. Watu walianza kukusanyika siku ya jina. Wauza ming'oko waliacha beseni zao. Mke wa yule askari, mwenzangu wa kwaya, naye alikuja mara moja, akasimama kwenye uzio, akasikiliza, akaondoka bila kunisalimia. Sikumlaumu.

Masika yalipokwisha Sefu fundi alitoka mahabusu. Siku ya jina alikuja na mama yake wakaketi nyuma. Koplo alikuwapo, na mkuu wa kituo naye, kwa sababu ya kesi nyingine, ya wizi wa mbuzi. Tarishi alikwenda mlangoni.

"Sefu Nambota!"

Kimya cha kila mwezi.

"Sefu Nambota!"

Kimya.

"Sefu Nambota!"

"Nipo."

Kijana alikuwa amesimama. Bi Somoe alimvuta shati, hakuketi. Akapita katikati ya mabenchi, akikohoa, mpaka kizimbani.

Koplo aliruka. "Mheshimiwa, huyu siye!"

"Wewe ndiye uliyeitwa?" nilimuuliza kijana.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mwenzangu, tulilala mkeka mmoja jandoni. Jina ni letu wawili. Mama alikuwa ananisimulia mahabusu jinsi linavyoitwa pasipo kuitikiwa, nami nilikuwa nashtuka. Nimekuja kumwitikia."

Nikamgeukia koplo. "Umesema siye. Yule ambaye ndiye yuko wapi?"

Koplo alimtazama mkuu wake. Mkuu wa kituo alikuwa ameinamia kofia yake magotini. Angeweza kusema hana taarifa, ningeahirisha. Alisimama taratibu.

"Amefariki, Mheshimiwa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa risasi."

"Ya nani?"

Niliisikia mizani ya samaki kule nje. Mzee Nalinga alikuwa macho kabisa.

"Yetu," alisema mkuu wa kituo.

"Alikuwa amesomewa shtaka lolote?"

"Hapana."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hapa."

Sikuwa na la kufanya zaidi. Nataka mlijue hilo kabla hamjavaa joho lenu mkijiona wakubwa. Hakuna aliyekamatwa. Mkuu yule alihamishwa kabla ya mwaka kwisha, nami nikarudishwa huku bondeni muda si mrefu. Kama Sefu wa ng'ambo aliwaua wale askari, sijui. Yeye alitaka kusema mara moja, na mara hiyo wakamnyima. Mjane wa askari hajui. Mzee Ausi hajui. Nilichokuwa nacho ni kalamu, na ahadi kwamba likisemwa nitalifunga.

Nilikuwa nimeanza kuandika jina la marehemu nilipomwona Mzee Ausi amesimama bila kuitwa. Alikuwa amekuja kila mwezi, akaketi benchi lile lile, hakuwahi kusema neno.

"Usiandike Sefu," aliniambia.

"Niandike nani, mzee?"

Nilitazamia Mzee Nalinga amzuie, kwa kuwa chumba kilijaa watu, wanawake na watoto. Mzee Nalinga alivua kofia yake.

"Sefu yupo, mmesikia ameitika," Mzee Ausi alisema, akimwonyesha kijana aliyekuwa kizimbani. Kisha akawageukia mkuu wa kituo na koplo, akawatajia taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji. "Mliyemuua aliingia jandoni akiitwa Hashimu."